Maganda ya mpunga ndani ya simenti: tuyaweke wapi, tuyaache wapi

Kuanzia Kamanyola kushuka mpaka Uvira, kila fasi kuko mashini ya kukoboa mpunga, nyuma yake kuko kilima cha maganda. Ng'ombe hawayataki. Shambani yanakaa misimu na misimu bila kuoza. Upepo wa saa nane unayasukuma mpaka ndani ya vyungu vya majirani, na mtu akitupa kipande cha sigara pale usiku, kilima kinawaka chini kwa chini siku nyingi, moshi unaingia kwa watoto. Na sisi wote tunajua vile depo zetu ziko: manjanja juu, hakuna plafoni, saa nane mchana huwezi kusimama mule ndani dakika kumi.

Sasa wanamemba wa koperative wanatuuliza swali moja: ni kweli mtu anaweza kuchanganya yale maganda na simenti, apate tofali jepesi lenye kuzuia joto? Ni kweli. Lakini kuko watu wanaouzisha lile wazo kama vile maganda ni ya bure basi na nyumba itakuwa ya bure. Hapo tunasema: ngoja kwanza, tupige hesabu. Franga ya koperative ni ya watu wengi, na mfuko wa simenti ukishafunguliwa haurudi dukani.

Tuanze na sababu ya kujisumbua. Depo yetu haitunzi paka magunia ya kuuzisha. Inatunza mbegu: maharagi, kalanga, mahindi, mpunga wa kupanda. Wataalamu wa mbegu wako na kanuni moja ya zamani: kila ukishusha joto la depo kwa digrii 5, maisha ya mbegu yanazidi mara 2. Na kila ukipunguza unyevu ndani ya mbegu kwa asilimia 1, yanazidi tena mara 2. Chini ya manjanja yenye kupigwa na jua, bati lenyewe linaweza kupita digrii 60, na lile joto linashuka juu ya magunia kama jiko lililogeuzwa. Mbegu ya kalanga iliyowekwa pale mwezi wa sita, mwezi wa tisa ukiimwagia maji unaona inaota nusu, ile ingine imekufa. Mama aliyelima, akapanda, akapalilia, anapata shamba lenye matundu. Hiyo ndiyo hasara tunataka kupunguza. (Na tuseme wazi: mbegu isiyokauka vizuri, hata ukiijengea plafoni ya dhahabu, itaharibika. Kukausha njo kazi ya kwanza.)

Ganda linafanya nini

Angalia ganda moja la mpunga kwenye kiganja. Iko kama mtumbwi mdogo. Ndani yake hewa inakaa, na kati ya ganda na ganda hewa ingine inakaa. Hewa iliyotulia haipendi kupitisha joto. Ni vile blanketi inafanya kazi. Ndoo ya lita 20 iliyojaa mchanga ina kilo karibu 30. Ndoo ile ile iliyojaa maganda ina kilo 2 na kidogo. Tofauti yote ile ni hewa.

Tena ganda la mpunga limejaa silika, ile kitu ya mchanga na ya kioo. Ukilichoma, majivu yanabaki mengi, karibu sehemu moja kwa tano ya uzito wake, na karibu yote ni silika. Ni sababu hiyo ng'ombe hayataki, mchwa hayaharakishi, na kuoza yanachelewa. Ubaya wake kwa shamba unakuwa uzuri wake kwa nyumba.

Beto ya kawaida, yenye mchanga na kokoto, ina kilo 2300 mpaka 2400 kwa mita kyubu moja. Ile yenye maganda inaweza kushuka mpaka kilo 600, au 900 na kitu ukiongeza mchanga. Inazuia joto vizuri kuliko beto nzito, mbali sana. Lakini hakuna cha bure: hewa haibebi mzigo. Tofali la maganda halibebi nyumba. Haliwezi kuwa nguzo, haliwezi kuwa msingi, haliwezi kukaa juu ya mlango kubeba ukuta. Kazi yake ni kujaza na kufunika. Fundi akikuambia anaweza kujengea nayo étage, mrudishe kwao kwa amani.

Siyo kila ganda

Hapa watu wengi wanapita haraka. Mashini zetu za kukoboa ziko za aina mbili. Ile ndogo ya chuma, yenye kukoboa na kusugua kwa mara moja, inatoa maganda yaliyovunjika, yamechanganyika na pumba na vipande vya mchele. Ule mchanganyiko ni chakula cha kuku na nguruwe, tena umejaa unga na mafuta. Usiuweke kwenye simenti. Mashini kubwa yenye rola za mpira inatoa maganda mazima upande mmoja, pumba upande mwingine. Yale maganda mazima njo tunayataka.

Kama kwenu kuko paka ile mashini ndogo, wamama wanajua kupepeta: kile kinachoruka ni maganda, kile kinachobaki kwenye ungo ni cha kuku. Inachukua muda, lakini inawezekana. Na usichukue chini ya kilima, fasi ambapo mvua imepiga na maganda yamekuwa meusi yenye ukungu. Chukua yale ya msimu huu, makavu, yenye rangi ya dhahabu.

Adui ni sukari

Simenti inashika kwa kunywa maji na kugeuka jiwe. Lakini sukari kidogo tu ndani ya maji inaivuruga. Kila kitu kilichotoka shambani kiko na sukari na vitu vya jamaa yake: maganda, magunzi ya mahindi, bua la mtama, na zaidi ya yote makapi ya miwa. Ukichanganya bila kuosha, unaweza kuamka kesho yake, ukagusa tofali, kidole kikaingia. Keshokutwa, bado. Mwisho wa juma linamomonyoka kama mkate wa zamani. Simenti imekufa, na mfuko umelipiwa.

Kwa hiyo tunaosha. Weka maganda kwenye pipa au kwenye shimo lenye shitingi, jaza maji, weka kitu kizito juu sababu yanapenda kuelea. Lala nayo. Asubuhi yale maji yamekuwa kama chai, yamwage. Usiku wa pili weka maji mengine, safari hii na chokaa, vikombe viwili vya chokaa kwa kila ndoo ya maji. Chokaa inafunga ile sukari iliyobaki. Asubuhi ya tatu chuja, tandaza kwenye kivuli mpaka maganda yaache kudondosha maji. Yasikauke kabisa. Ganda kavu linanyonya maji ya simenti, na simenti yenye kiu haishiki.

Namna gani utajua umeosha vya kutosha? Kuna jaribio la makopo mawili, halina gharama. Chukua maji ya mwisho yaliyotoka kwenye maganda. Kwenye kopo la kwanza, changanya simenti kidogo na maji safi mpaka iwe kama uji mzito. Kwenye kopo la pili, simenti ile ile, kipimo kile kile, lakini na maji ya maganda. Andika namba, yaache usiku mzima. Asubuhi sukuma msumari kwa kidole. Yote mawili yakikataa, endelea na kazi. Kopo la pili likikubali msumari, rudi kuosha. Tunaomba komite isiruhusu mfuko kufunguliwa mbele ya jaribio hili. Ni simenti ya ngumi mbili, inaokoa simenti ya mifuko kumi.

Kuchanganya

Kipimo ni cha ujazo, kwa ndoo, siyo kwa kilo. Mfuko mmoja wa simenti wa kilo 50 una lita karibu 35. Kwa vibao vya plafoni, simenti 1 kwa maganda 4, bila mchanga. Kwa matofali ya kujazia ukuta, simenti 1, mchanga 1, maganda 4. Kwa hiyo kila mfuko unataka maganda lita 140, yaani ndoo 7 za lita 20. Maganda yale kabla ya kuyaloweka ni kilo 15 au 16 tu. Sababu kilo 100 za mpunga zinatoa maganda kilo karibu 20, gunia moja la mpunga la kilo 80 linatosha mfuko mmoja wa simenti. Unaona hapo: maganda hayatakosa hata siku moja. Kitakachokosa ni simenti.

Changanya simenti na mchanga vikiwa vikavu, halafu mwaga maganda yenye unyevu, geuza kwa beche mpaka kila ganda livae simenti kama nguo. Maji unayaongeza kwa kunyunyizia, siyo kwa kumwaga. Kamata konzi moja, kaza: ikishikana kama donge la fufu na mkono ukabaki na unyevu bila kudondosha, iko sawa. Ikidondosha, maji yamezidi, simenti itashuka chini na maganda yatabaki uchi juu.

Jaza kwenye kibao cha kufyatulia kwa tabaka mbili, shindilia kwa mkono au kwa kipande cha ubao. Usishindilie kwa nguvu ya kutafuta sifa. Ukivunja ile mitumbwi, hewa imetoka, umerudi kwenye beto nzito. Kisha kivuli, majani ya ndizi au magunia yenye maji juu yake, siku 7 bila kukosa. Kisha kukauka taratibu mpaka siku ya 28. Mbele ya hapo hakuna kupandisha kwenye paa.

Na mikono, wandugu. Simenti mbichi inakula ngozi. Tunaona vijana wanaikanyaga bila viatu, wamama wanaibeba kwenye beseni inadondosha mgongoni. Jioni ni vidonda. Mifuko ya plastiki miguuni na glavu za bei ndogo ziingie kwenye bajeti toka mwanzo, na ndoo ya maji safi ikae karibu.

Hesabu ambayo haipendezi

Tuchukue tofali la sentimita 40 kwa 20 kwa 10. Lina lita 8. La beto nzito lina kilo 18 hivi, hili letu karibu 8. Mbebaji atafurahi. Mfuko mmoja wa simenti, kwa kile kipimo chenye mchanga, unatoa matofali karibu 17. Sasa linganisha: fundi anayefyatua blok za kawaida za mchanga, simenti 1 kwa mchanga 8, kwa mfuko ule ule anatoa zaidi ya 30. Umesikia vizuri. Tofali la maganda linakula simenti karibu mara mbili ya blok ya kawaida. Maganda ni mepesi lakini ni mengi, kila moja linataka kuvishwa.

Tuseme depo yenu iko na kuta za mita 20 ukizungusha, urefu wa mita 2 na nusu kwenda juu. Ukitoa mlango, ni mita za mraba 48. Kila mita inataka matofali 12 na nusu, yaani 600 yote. Gawanya kwa 17: mifuko 35, bila ile ya kuunganishia. Simenti yetu inatoka mbali au inavuka mpaka. Hata ile ya kiwanda cha Bugarama, pale Rwanda karibu kabisa na Kamanyola, inafika Sange ikiwa imeshalipa douane, lori na barabara mbaya. Kila memba ajipigie bei ya leo kwenye soko lake mara 35.

Kwa ukuta mzima, sisi hatushauri. Ukuta wa matofali mabichi ya udongo, mnene, tayari unachelewesha joto vizuri, na haujachoma hata mti mmoja. Tatizo la depo zetu haliko kwenye ukuta. Liko juu ya kichwa.

Plafoni njo fasi yake. Depo ya mita 6 kwa 4 ina mita za mraba 24. Fyatua vibao vya sentimita 60 kwa 40, unene 4, vile vya bila mchanga. Kila kimoja kina kilo 6 hivi. Unahitaji 100, na mfuko unatoa karibu 13. Ni mifuko 8. Weka kipande cha waya ya kuku katikati ya kila kibao wakati wa kufyatua, ili kikipasuka kisimwangukie mtu. Kati ya plafoni na manjanja acha nafasi, na kwenye ncha mbili za paa acha matundu yenye wavu, upepo upite ufukuze ile hewa ya moto. Bila yale matundu umefunga moto ndani, umefanya nusu ya kazi.

Mifuko 8 inaweza kushuka karibu mpaka 6 na nusu kama mnajua kutumia majivu ya maganda. Majivu yaliyochomwa kwa moto wa wastani, chini ya digrii 700 hivi, yakasagwa laini sana, yanafanya kazi pamoja na simenti, na unaweza kuondoa sehemu moja kwa tano ya simenti ukaweka majivu. Yale mazuri ni ya kijivu, mepesi, yanavunjika kati ya vidole. Meusi sana bado yako na makaa. Meupe magumu yamepikwa kupita kiasi, hayana kazi tena, na vumbi lake ni baya kwa mapafu. Kusaga ni kazi ya kufunika pua na mdomo, na siyo kwenye kinu cha sombe. Kama hamna namna ya kusaga vizuri, acheni majivu, tumieni simenti kamili.

Uzito juu ya vichwa

Vibao 100 vya kilo 6 ni kilo 600. Imagina magunia sita makubwa ya mchele yametundikwa juu yako. Hiyo ni kwa vibao vyepesi. Fundi akiamua kumwaga tabaka la sentimita 5 lenye mchanga, mita moja ya mraba inapita kilo 45, na depo nzima inapita tone moja. Miti ya paa iliyowekwa kwa kubeba manjanja tu haitakubali. Tena sisi tunaishi fasi yenye kutetemeka: wa Bukavu hawajasahau tarehe 3 mwezi wa pili 2008. Kwa hiyo mbele ya kupandisha kibao hata kimoja, fundi seremala aangalie miti, aongeze mihimili ya kulala, kila sentimita 60, ya eukaliptusi iliyokauka, na ipigwe kwenye kuta vizuri. Na iandikwe kwa mlango: juu ya plafoni hakuna kukanyaga, hakuna kuweka magunia.

Watu wanauliza: basi kwa nini tusiweke magunia ya maganda makavu juu ya plafoni, bila simenti? Inazuia joto kupita hata vibao, hatukatai. Lakini panya watapanda kutafuta punje zilizobaki, na moto ukiingia mule unatembea polepole bila kuonekana, kama vile tunauona kwenye vilima vya mashini, mpaka paa lote linashuka. Ganda lililovaa simenti haliwaki hivyo.

Udongo, kwa wasio na franga

Kuna njia ambayo haina simenti kabisa, na kwa koperative ndogo sisi tunaipenda zaidi. Loweka udongo wa mfinyanzi siku mbili, koroga mpaka uwe kama uji wa mtoto. Chovya maganda ndani, yageuze mpaka yavae udongo. Hapa sukari haina shida, sababu udongo haushiki kama simenti, unakauka tu. Kuosha siyo lazima. Funga matete yaliyosukwa chini ya mihimili, weka ule mchanganyiko juu yake, sentimita 3 au 4, sawazisha kwa mkono. Uzito unakaribia ule wa vibao, kwa hiyo maneno ya miti ya paa yanabaki yale yale.

Shida yake ni kukauka. Inaweza kuchukua majuma matatu au zaidi, na kama mvua inanyesha, ukungu utaota na harufu yake itaingia kwenye magunia. Na bati likivuja, udongo unalainika. Kabla ya yote panda juu siku ya jua, mwingine abaki ndani gizani: kila nukta ya mwanga atakayoiona ni tundu la kuziba.

Chochote utakachochagua, usiweke maganda chini ya ukuta. Yananyonya maji, yanavimba, yakikauka yananywea, na plasta inapasuka. Mafuriko ya Uvira ya mwezi wa nne 2020 yalituonyesha kuta za udongo zinaanguka kwa kuliwa miguu. Miguu ya nyumba ni ya mawe. Na upande wa nje, tofali la maganda lisikae uchi, livishwe plasta. Karibu na jiko la kuni pia hapana.

Mabaki mengine, haraka

Magunzi ya mahindi yanawezekana. Watafiti wa chuo kikuu cha Trás-os-Montes e Alto Douro kule Ureno waliyajaribu, wakatoa kazi yao mwaka 2012, kwa beto nyepesi isiyobeba mzigo. Yavunjwe vipande vya kama punje ya maharagi, na yanywe maji kwanza, sababu moyo wake ni sponji. Ufaransa, tangu miaka ya 1980, wanajengea vijiti vya mmea wa chanvre pamoja na chokaa, na kabla hamjacheka, ni ule wa kiwandani, siyo ule wa kuvuta. Maganda ya kahawa ya Kalehe na Idjwi yako na sukari nyingi, yanataka kuoshwa zaidi, jaribio la makopo lifanyike mara mbili. Wale wa Fizi wenye maganda magumu ya kokwa za ngazi wako na kitu tofauti: yale yana nguvu, kule Nigeria, Ghana na Malaysia yanawekwa fasi ya kokoto, lakini ni mazito kuliko yetu na joto yanazuia kidogo. Makapi ya miwa, tuyaache.

Na kuna yale ambayo sisi waagronomu hatutaki kuyaona kwenye simenti hata kama fundi anayataka: mabua ya mahindi, majani ya maharagi, nyasi za mpunga. Yale ni mali ya udongo. Ukiyatoa shambani kila msimu kwenda kujengea, baada ya miaka michache utanunua kwenye mfuko wa mbolea kile ulichofungia kwenye plafoni. Ganda la mpunga ni jambo lingine, kwa vile shamba halilingojei.

Kwa koperative zitakazojaribu: anzeni na vibao kumi tu, siyo mia. Mwezi wa sita, mvua ikishakatika, ni wakati mzuri, sababu maganda ya mavuno yako makavu na kukausha ni rahisi. Vibao vikifyatuliwa katikati ya mwezi wa sita, siku 28 zinaisha katikati ya mwezi wa saba, na plafoni inaweza kuwa juu kabla ya mbegu za kupanda mwezi wa tisa kupata moto mkubwa. Andikeni tarehe juu ya kila kibao kwa msumari kikiwa bado kibichi, pamoja na kipimo. Kibao kimoja kibaki nje kwenye mvua ya kwanza, kimoja kiwekwe karibu na mchwa, kimoja kianguke toka kiunoni mbele ya komite. Mkisha kuona, mtuandikie kwenye ofisi yetu kile kilichovunjika, na kwa kipimo gani.